Machela, mfarishi na baridi ya chini

Mapema mwezi huu wa Julai mjukuu wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane na skauti wa kufa kupona, alinijia hapa nyumbani Hurlingham akiwa na furushi lisilozidi ukubwa wa mkate. Alilifungua, akatoa kitambaa chembamba cha nailoni, akakifunga kwa kamba baina ya mjakaranda na mparachichi ulio nyuma ya nyumba, kisha akajitupa ndani akawa anabembea.

"Babu, hii ndiyo nitalalia kule Rowallan wikendi ijayo. Sasa mwalimu anataka tuandike orodha ya vifaa kwa Kiswahili. Hii inaitwaje?"

Nilimjibu bila kufikiri: machela. Akakunja uso.

"Machela si ile ya kubebea wagonjwa?"

Kabla sijajibu akatoa kitu cha pili, kama duveti iliyopunguzwa urefu, yenye kamba za kuvuta kila upande. Hiki, alinieleza, hakilaliwi wala hakijifunikwi. Hufungwa chini ya machela, nje, kikaning'inia. "Na hii je?"

Hapo nilinyamaza. Miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na mtoto wa Gredi ya Nane ananikwamisha kwa kipande cha nguo! Nikamwambia nitalala humo usiku huo, nikijue kitu chenyewe kwanza, ndipo nikipe jina. Mama yake alipinga. Alisema mtu wa umri wangu ana kitanda chake. Sikumsikiza.

Wasiojua Nairobi hudhani tunatia chumvi tunapolalamikia Julai. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na jina lake lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Wamaasai walikwisha kutuonya kabla reli haijafika hapa mwaka wa 1899. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi kumi na mbili hivi, na upande huu wa magharibi, kutoka Kilimani kuelekea Ngong, upepo una tabia ya kuingia mahali usipoalikwa.

Kwa ukaidi wa kitaaluma nilikataa kile kifaa cha chini. Nilichukua blanketi zito, nikajiviringisha nalo kama sambusa, nikalala. Saa saba za usiku nilikuwa macho. Kifua kilikuwa na joto, lakini mgongo, makalio na mabega vilikuwa kama vimeegemezwa kwenye barafu. Mlinzi wetu, ambaye sisi wa Nairobi humwita soja hata kama hajawahi kushika bunduki, alikuja na tochi yake kuona ni nini kinachotikisika kwenye mparachichi. Alipomaliza kucheka akasema, "Mwalimu, baridi ya Nairobi haitoki juu. Inatoka chini. Sisi tunatandika katoni kwanza, ndio tujifunike."

Hiyo ndiyo fizikia yote, na sikuipata chuoni. Blanketi halina joto lake lenyewe. Kazi yake ni kushika hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisikimbie. Sasa mtu akililalia blanketi, uzito wake hulikandamiza, hewa ikatoka, likabaki kitambaa tu. Kwenye kitanda cha nyumbani hatulijali hilo kwa sababu godoro liko chini yetu. Kwenye machela hakuna godoro. Kuna nailoni, halafu kuna upepo, nao hupita chini ya mgongo usiku kucha ukichukua joto kila unapopita. Ndiyo maana mfarishi wa chini hufungwa nje ya machela: mwili haulali juu yake, kwa hiyo haukandamizwi, na hewa yake inabaki.

Lakini kuufunga nako ni kazi. Usiku wa pili mjukuu alinisimamia kama nyapara. Ukiulegeza, panabaki pengo baina yake na machela, na upepo hupita humo kama kwenye korido. Ukiukaza mno, unajibana kwenye machela, hewa inatoka, na umerudi ulipoanza. Uguse mgongo bila kubanwa. Kamba za pande zote mbili, ya kichwani na ya miguuni, zivutwe hadi kingo zijikunje zishike kitambaa, maana baridi huingilia kwenye mabega na kwenye magoti. Ulale kimshazari kidogo, usikunjike kama ndizi. Mfarishi wa juu nao uchomekwe miguuni na shingoni. Nililala hadi adhana ya alfajiri.

Basi turudi kwenye majina, maana ndiyo kazi ya safu hii.

Neno mfarishi silitungi mimi. Limo katika kamusi zetu za zamani kwa maana ya tandiko lililoshonwa na kutiwa pamba ndani. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kutandika, nao ndio tunaoukuta pia katika kitenzi cha kale kufarishi. Mwambao walikuwa nao mfarishi kabla ya yeyote kusema duveti. Wenzetu wa bara tumelipita neno hilo, tukaenda kuazima duveti kwa Waingereza, nao waliliazima kwa Wafaransa, ambao kwao lina maana ya manyoya laini ya ndege. Duveti nyingi za Nairobi zimejaa nyuzi za plastiki. Hakuna ndege aliyepoteza unyoya hata mmoja.

Godoro nalo lina kisa. Kigujarati kina neno godadu, ambalo ni mfarishi wa vitambaa vilivyorundikwa na kushonwa pamoja, wa kutandika au kujifunika. Sioni haja ya kutafuta asili ya godoro mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo kile ambacho leo tunakilalia kilikuwa binamu wa kile tunachojifunika. Blanketi limetoka kwa Kiingereza, likaenea hadi Kikuyu likawa mũrengeti na Kijaluo likawa bonget, na kabla yake Kiswahili kilikuwa na bushuti, nguo nzito ya sufu. Shuka, ambalo leo Wakenya wengi wakilisikia huona jekundu la Kimaasai, katika misafara ya karne ya 19 lilikuwa kipimo cha biashara: mikono minne, yaani yadi mbili hivi, na mashuka mawili yakafanya doti. Mchukuzi alibeba begani frasila mbili za merikani, kama kilo 32, nguo iliyofumwa Massachusetts na kuvushwa bahari mbili. Hiyo ilikuwa pesa ya mwenye msafara. Usiku yeye mwenyewe alilala kando ya moto na shuka lake moja.

Machela ndiyo neno gumu. Wareno walilitumia, machila, kule Msumbiji na bonde la Zambezi, kwa kitambaa kinachofungwa kwenye mti mrefu na kubebwa mabegani na watu, bwana akiwa amelala ndani. Nao walilitoa pwani ya Malabar, India, ambako kwa Kimalayalam kulikuwa na manchal, kitu hicho hicho. Chombo chenyewe cha kulalia kinachoning'inia kilikuwa kimeonekana upande mwingine wa dunia: Columbus alikikuta visiwa vya Karibi mwaka wa 1492, na neno la wenyeji wa huko, hamaca, ndilo lililoingia katika lugha za Ulaya. Mwenzangu mmoja aliwahi kupendekeza tulitohoe moja kwa moja, tuseme hamaki. Nilimkumbusha kwamba kwa Kiswahili kuhamaki ni kupandwa na hasira ghafla. Ingawa kwa usiku ule wa kwanza, ningekubaliana naye.

Tofauti ni hii. Kwa Wakaribi, kitambaa kilifungwa kwenye miti miwili. Kwetu kilifungwa kwenye mti mmoja, na mti huo ukawekwa juu ya watu. Ndipo neno letu lilipozaliwa.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Aprili 1873, kusini mwa Ziwa Bangweulu, katika Zambia ya leo. David Livingstone alikuwa mgonjwa wa kuhara damu. Tarehe 21 alijaribu kupanda punda akaanguka. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wakamtengenezea kitanda, na kitabu cha safari zake za mwisho, kilichohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa 1874, kinalitumia neno hilo hilo la Kiswahili. Walichukua miti miwili ya urefu wa futi saba, wakaipinga kwa vijiti vya futi tatu, wakafunga. Juu yake wakatandika nyasi, na juu ya nyasi blanketi. Chote kikaning'inizwa kwenye mti na kubebwa na wanaume wawili wenye nguvu. Halafu wakatupa blanketi la pili juu ya mti, likaangukia pande zote mbili, hewa ipite na jua lisimfikie mgonjwa.

Nilisoma ukurasa huo nikiwa kijana na nikaupita. Baada ya usiku wangu Hurlingham niliusoma tena, nikaona kuwa watu hao walijua kila kitu. Nyasi chini ya blanketi: hewa iliyoshikwa, kama katoni ya soja wetu. Blanketi juu ya mti: kizuizi cha jua mchana, na cha upepo kikihitajika. Nao hawakuishia hapo. Walipofika kwenye mto, mitumbwi ilikuwa myembamba kuliko kitanda, na Chuma akainama mgonjwa amshike shingoni ili amvushe. Tarehe 29 mlango wa kibanda ulikuwa mdogo, wakabomoa ukuta ili kitanda kiingie. Siku chache baadaye Livingstone alikuwa maiti, na watu hao hao wakambeba hadi Bagamoyo.

Waller aliyapata haya yote kwa Susi na Chuma wenyewe, walipokuwa Uingereza mwaka huo wa 1874. Kwa hiyo habari ya blanketi la mgonjwa imetufikia kwa vipimo, futi na inchi, kutoka vinywani mwa wachukuzi. Walichojifunika wao hakikupimwa.

Hapo ndipo inaponigusa mimi.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kutoka milima ya Taita mwaka wa 1917, wakati serikali ya kikoloni ilipowakusanya vijana kwa maelfu kuwa wachukuzi wa jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Sisi tukakifanya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi, tukafungua masoko juu ya jina hilo na kulisahau. Kutoka Kenya peke yake wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa zaidi ya 40,000. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara, malaria, na homa ya mapafu.

Babu alipelekwa kwa meli hadi upande wa Lindi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini baba yangu alimtoa kisa kimoja. Kila mchukuzi, alisema, alikuwa na blanketi moja. Ukilitandika, unalala wazi juu. Ukijifunika, udongo uliolowa mvua unakula mgongo. Kwa hiyo walilala watatu watatu: blanketi moja chini, mawili juu, mgongo kwa mgongo, na wa katikati alibadilishwa kila usiku kwa zamu. Mchana walibeba risasi na unga, na mara nyingine machela, yenye mzungu mgonjwa au aliyejeruhiwa. Wanne chini ya mti, wanne wakisubiri kupokea. Babu alisema machela ilimjulisha mtu mzito kwa jinsi mti ulivyokuwa unaimba.

Mmoja wa wale watatu, Mkamba, alianza kukohoa. Zamu ya katikati wakamwachia yeye kila usiku. Hakupona. Walipomzika, babu alibaki na blanketi lake, na akarudi nalo Taita vita vilipokwisha. Halikujifunikwa na mtu. Lilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda chake miaka yote, pamoja na hati zake, na nyanya alilianika juani mara moja kwa mwaka. Sisi watoto tulikatazwa hata kuligusa.

Mwaka wa 1989 nilikuwa mhadhiri kijana, nimejaa ari. Niliitwa kwenye kamati ndogo ya kuandaa orodha ya istilahi, na fungu langu lilikuwa vifaa vya hospitali na vya safari. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilikuwa imeieleza machela kuwa kitanda cha kubebea mtu, kinachoning'inizwa kwenye mti. Mimi niliona hayo ni ya kikoloni na yamepitwa na wakati. Nikaandika: "Machela: kifaa cha kusafirishia wagonjwa." Safi, fupi, ya kisasa. Kamati ikapitisha bila mjadala.

Nikiwa nimejaa fahari nilimpelekea baba nakala ya rasimu nyumbani. Alivaa miwani, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kwani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuwahi kuruka mstari. Alipofika kwenye machela akaweka kidole.

"Kifaa cha kusafirishia," akasema. "Kinasafiri chenyewe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mwanangu, na waliobeba mmewaweka ukurasa gani?"

Nilimpa maelezo marefu kuhusu kanuni za istilahi: ufupi, uwazi, uwiano. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akaifunga rasimu, akanirudishia. Hatukulizungumza tena, naye alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia alikuwa na haki. Na ufafanuzi wangu ulishika: leo ukisikia machela kwenye taarifa ya habari, ni ile ya magurudumu inayoteremshwa kutoka kwenye gari la wagonjwa. Mjukuu wangu alikunja uso kwa sababu ya kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Sisemi kwamba neno lisibadilike. Jina la mtaa wangu lilitoka kwenye klabu moja ya London, na barabara iliyokuwa ikiitwa Hurlingham Road sasa ina jina la wakili Argwings Kodhek, na nani analalamika? Lakini maana ikibadilika yenyewe midomoni mwa watu ni jambo moja. Mtu mmoja kuketi mezani na kufuta watu wanane kutoka chini ya mti, kwa sababu sentensi ilikuwa ndefu, ni jambo jingine, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kwa hiyo orodha ya mjukuu wangu ilikwenda shuleni ikiwa na haya. Machela: kitanda cha kitambaa au wavu kinachoning'inia, zamani kilifungwa kwenye mti mmoja na kubebwa mabegani na watu, siku hizi hufungwa baina ya miti miwili, pia, kitanda cha kubebea wagonjwa. Mfarishi wa juu: wa kujifunika. Mfarishi wa chini: hufungwa nje ya machela kuzuia baridi ya mgongoni. Mwalimu wake aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba fasili ya kwanza ni ndefu mno. Nimemwomba mtoto asimjibu.

Wanaotaka kujaribu wasikimbilie maduka ya Yaya Centre. Mfarishi wa chini nilioulalia ulitengenezwa kwa duveti ya mitumba kutoka soko la Toi. Fundi wa cherehani wa huko huko aliikata kwa urefu, toka mabegani hadi chini ya magoti, akapinda kingo mbili za marefu akaacha njia ya kamba, na kamba ikapitishwa ndani. Chagua nyepesi iliyovimba. Nzito itavuta chini na kufungua pengo. Aliniuliza mara tatu kama ni ya kumfunika ng'ombe.

Jumapili mjukuu alirudi kutoka Rowallan akiwa na matope hadi magotini. Alilala vizuri, akasema, ila msichana mmoja wa kundi lao hakuwa na mfarishi wa chini, wakaishia kuteremka wote watatu, wakatandika mmoja ardhini na kujifunika miwili. Sikuwa nimemsimulia habari ya Lindi. Nikamsimulia pale pale jikoni, akinywa chai, na ile ya blanketi katika sanduku, na jinsi babu alivyozikwa nalo mwaka wa 1971, limekunjwa chini ya mgongo wake, kwa amri yake mwenyewe.

Aliniuliza, "Huyo Mkamba aliitwa nani?"

Baba alikuwa ameuliza swali hilo pia. Babu alimwita tu mwenzangu.